Geini Ikizidi, Solo Huzama

Wiki iliyopita kijana mmoja alipanda ngazi zangu hapa Shangani, gitaa begani, analalamika kuwa bendi ikianza tu, solo zake hazisikiki. Nikamchomekea. Geini, kitufe cha amplifaya kinachozidisha nguvu ya mlio mpaka ukwaruze, kaiweka kumi, besi kumi, sauti za kati sifuri.

Ukiwa peke yako chumbani, mpangilio huo unanguruma utamu. Ukiwa na wenzako umemezwa. Ngoma na gitaa la besi wamekaa chini, matoazi yamekaa juu. Gitaa la solo limebakiwa na pale katikati, baina ya 500 Hz na 2,000 Hz hivi (Hz ni mitetemo kwa sekunde), na ndipo hapo alipopafuta mwenyewe. Wapiga taarab hawahitaji kuelezwa haya. Fidla haishindani unene na besi, inapenya.

Tukaanza upya na geini tano. Akanuna. Geini kubwa humbeba mvivu: ukiugusa uzi kidogo tu, sauti inadumu. Lakini inadumu kwa sababu vilele vya mawimbi vimekatwa, basi mguso wa piki (kidude cha kupigia nyuzi) na mlio unaoufuata huwa kimo kimoja. Piga noti za mbio uone, utasikia mzinga wa nyuki.

Nguvu iliyopungua tukairudisha kwa Tube Screamer, pedali ya kukanyaga, mbele ya amplifaya, draivu (kiasi cha mkwaruzo) sifuri, levo (nguvu ya sauti itokayo) mwisho. Pedali ya distoshani, yaani mkwaruzo, isiyo na distoshani! Kazi yake hapa ni kupunguza besi na kusukuma maeneo ya 720 Hz kabla amplifaya haijaanza kukwaruza. Besi ikiingia nyingi kabla ya mkwaruzo, inatoka tope. Ukiiongeza baada ya hapo, haina madhara. Sauti za kati tukazipandisha saba.

Dilei, pedali inayorudisha noti kama mwangwi, huiweka baada ya distoshani, ama sivyo mwangwi nao unakwaruzwa na kugombana na noti mpya. Kwa wimbo wa mapigo 150 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 400. Mimi hupenda 300, robo tatu ya pigo, tena mwangwi uwe wa sauti ya chini.

Kuna mvumo wa umeme pia, ule wa 50 Hz. Pikapu ya koili moja, kile kinasa mitetemo ya nyuzi (sisemi gari ya mchanga), huudaka wote. Hambaka, pikapu ya aina nyingine, ina koili mbili zinazopingana, mvumo ukajifuta. Geti la kelele, linalokata sauti ndogo ndogo usipopiga, ni zuri, ila ukilikaza sana linaichinja noti ndefu ya mwisho.

Na chumvi ya bahari jamani! Nyuzi zake zilikuwa nyeusi kama misumari ya jahazi, halafu anashangaa mbona harmoniki za kubana, zile noti kali za juu, hazilii. Nikamfungia seti mpya, unene wa 10 mpaka 46 (elfu za inchi).

Akairudia solo yake. Alikosea mara mbili, na mara zote mbili tulisikia wazi.

“Kumbe hata mwanzo nilikuwa nakosea hivi, mwalimu?”