Chaja ya laptop kupata moto: upi wa kawaida na upi wa hatari

Adapta ya laptop, lile boksi jeusi la katikati ya waya ambalo wengi tunaliita chaja tu, lazima lipate joto likiwa kazini, kwa hiyo ukilishika ukakuta lina uvuguvugu usikimbilie kununua jipya. Cha kujiuliza ni joto kiasi gani na linatokea wapi, mana joto la kwenye boksi na joto la kwenye plagi ni mambo mawili tofauti kabisa, na hilo la plagi ndo la kuogopa zaidi.

Tuanze na boksi. Umeme wa ukutani Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na ni AC (mkondo unaogeuka kwenda na kurudi), wakati laptop inataka DC (mkondo wa kwenda upande mmoja tu) ya volti 19 au 20 hivi. Mle ndani umeme unageuzwa kwanza kuwa DC ya volti zaidi ya 300, halafu unakatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, unapitishwa kwenye transfoma ndogo, ndo unatoka upande wa pili ukiwa volti 19. Kila hatua kuna umeme kidogo unapotea na ukipotea unakuwa joto. Chaja nzuri ya wati 65 inapoteza kama asilimia 10 au 12, yani ikibeba mzigo wake wote kuna wati 7 mpaka 9 za joto mle ndani, ni kama umefungia taa ya LED ya wati 9 kwenye kiboksi cha plastiki kisicho na tundu wala feni. Joto lote hilo linatoka nje kupitia ngozi ya plastiki tu. Sasa we ukiiweka juu ya godoro, au ukaifunika na shuka, au ikabanwa nyuma ya kochi, umeziba njia pekee iliyokuwa nayo. Chaja nyingi zimepimwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 40, na chumba cha bati Dar mwezi wa Januari mchana hakiko mbali na hapo hata kabla hujaifunika na chochote.

Na joto hilo haliishii kukuunguza mkono. Mle ndani kuna kapasita (vifaa vidogo vya kutunza umeme kwa muda mfupi) zenye majimaji, na hesabu ya mafundi ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 umri wake unapungua kwa nusu hivi. Zikishachoka chaja inazidi kuchemka, ikizidi kuchemka zinazidi kuchoka, mpaka siku moja inazima yenyewe au inatoa sauti ya mluzi na harufu ya kuungua.

Sasa kwa nini ya jirani ina uvuguvugu tu na yako haishikiki? Mara nyingi jibu liko kwenye ile lebo ya mgongoni ambayo hatuisomi. Tafuta palipoandikwa OUTPUT, utaona kitu kama 19V 3.42A, zidisha unapata wati 65. Volti ziwe zilezile za laptop yako, au zipishane kwa nusu volti hivi, 19 na 19.5 hazina ugomvi. Ampea zinaweza kuzidi, hapo hakuna shida kabisa, laptop inachukua inachohitaji tu, ila zisipungue. Laptop inayotaka wati 90 ukiichomekea chaja ya wati 45 kwa sababu tu pini imeingia, hiyo chaja itakimbizwa muda wote na ndo itachemka kweli, hasa ukiwa unatumia na betri inachaji hapohapo. (Laptop kama Dell na HP zina namna ya kuitambua chaja, kwa hiyo zinaweza kukuonya au kukataa kuchaji, lakini sio laptop zote.) Angalia pia kile kichoro cha alama ya kujumlisha na kutoa, pini ya kati iwe ya upande uleule. Zile chaja za kubadilisha volti kwa kuswichi mimi sizipendi hata kidogo, mtoto akigusa kile kiswichi kikahamia volti 24 ubao wa laptop unaweza kuondoka.

Kuna na suala la umeme mdogo. Chaja zimeandikwa volti 100 mpaka 240 kwa hiyo jioni umeme ukishuka mpaka taa zinafifia yenyewe haizimi, inaendelea kutoa 19 yake kama kawaida, ila ili kupata wati zilezile inavuta mkondo mkubwa zaidi kutoka ukutani, volti zikishuka nusu mkondo unakaribia mara mbili. Mkondo ukiongezeka joto linaongezeka, kwenye boksi, kwenye waya na kwenye extension.

Hapo ndo tunafika kwenye plagi. Boksi likichemka sana mara nyingi huwa lina ulinzi wa kujizima. Waya hauna. Soketi iliyolegea, inayocheza au kutoa cheche, inatengeneza joto pale pale chuma kinapogusana vibaya, na fyuzi ya kwenye plagi haiwezi kujua mana mkondo haujazidi. Hata kampuni kubwa yamewakuta: mwaka 2014 HP waliita zirudishwe nyaya za umeme za laptop kama milioni 6 Marekani na Kanada, zile zenye alama LS-15, na shida ilikuwa waya wa kutoka ukutani, sio boksi. 2016 Microsoft nao wakaita zirudishwe nyaya za kompyuta zao za Surface Pro, hizo zilikuwa zinaharibika zikikunjwa kwa kukazwa na kubanwa muda mrefu. Kwa hiyo acha kuuzungushia waya kwenye boksi ukaukaza, kunja duara pana, acha kipande kilicholegea pale unapoingia kwenye boksi.

Kupima ni rahisi. Ikishafanya kazi kama nusu saa weka kiganja juu ya boksi, ukiweza kukiacha pale bila kuunguzika, hata kama ni moto, iko sawa. Ukishindwa, hamishia kwenye sakafu au meza tupu, pasipo na zulia, upime tena, na kama bado haishikiki kagua wati kwenye lebo. Lakini plagi ikiwa ya moto, au plastiki imebadilika rangi, imevimba au inanuka, zima kwanza swichi ya ukutani ndo uchomoe. Waya wa kutoka ukutani kwenye chaja nyingi unachomoka, kwa hiyo kama tatizo ni huo nunua waya peke yake, hamna haja ya chaja nzima, ila soketi iliyoungua mwite fundi umeme aibadilishe kabla hujachomeka kitu kingine pale.