Kukosoa Picha za Watu: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Wapiga picha wa Mombasa hawakosi wa kuwatolea maoni. Picha ya bwana harusi ikionyeshwa, mmoja husema imependeza, wa pili husema kuna kitu hakijakaa sawa, na mwenye picha huondoka asijue alipopatia wala alipokosea. Maoni ya namna hiyo hayamfundishi mtu, na yanatokana na dhana ambazo zimezoeleka hata miongoni mwa mafundi walio stadi katika kazi hii.

Dhana: Ukosoaji mkali ndio unaomkomaza mpiga picha

Ukali peke yake haukomazi. Mwaka 1996 watafiti Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha uchambuzi uliounganisha matokeo ya tafiti nyingi juu ya kile kinachotokea mtu anapoambiwa jinsi kazi yake ilivyo. Kwa wastani maoni yalisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo hayo utendaji ulishuka baada ya maoni, na manufaa yalipungua kadiri mazungumzo yalivyohama kutoka kwenye kazi na kuielekea nafsi ya mtendaji. Jambo hilo linawagusa wapole pia, kwa kuwa anayesema "una kipaji wewe" naye anaizungumzia nafsi, na picha inabaki bila kuguswa.

Kinachofaa ni kutaja uamuzi ambao mpiga picha angeweza kuuchukua kwa njia nyingine. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua huwa juu sana mwaka mzima, na paji la uso hutupa kivuli kinachoyafunika macho. Anayesema "huujui mwanga" amemhukumu mwenzake bila kumpa la kufanya. Anayesema "macho yamezama kwenye kivuli kwa sababu ulimpiga saa sita mchana juani, ungemsogeza mlangoni, ukuta wa chokaa ulio mkabala ungemrudishia mwanga usoni" amempa sababu, tiba na mahali pa kuijaribu, maana vichochoro vya Mji wa Kale vina kuta nyingi za aina hiyo.

Dhana: Uso ukitoka mweusi mno, picha ing'arishwe

Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu huitwika rangi ya mtu kosa ambalo ni la kipimo. Kipima mwanga cha kamera hukadiria, kwa kawaida, kwamba kila kilicho mbele yake kwa wastani ni cha kijivu cha kati. Kanzu nyeupe ikijaa kwenye fremu, kamera huona mwanga umezidi, ikaupunguza, na uso ukazama gizani. Buibui jeusi likijaa, kamera huongeza mwanga, na uso ukatoka umepauka kana kwamba umepakwa unga. Mkosoaji makini hasemi "amekuwa mweusi". Husema kwamba kanzu imeidanganya kamera, kwamba mwanga uongezwe kiasi, na huonya kwamba nyongeza ikizidi, darizi ya shingoni itafutika. Kisha atapendekeza kivuli kilicho wazi, yaani mahali pasipopigwa na jua lenyewe lakini penye mwanga wa anga, ili mabega yasiwe juani huku uso uko kwenye giza la kofia.

Dhana hii ina historia yake. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu, na ni katika miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali za ngozi. Vifaa vilisawazishwa kwa ngozi moja, kisha ngozi nyingine zote zikaitwa ngumu kupigwa. Ukweli ni kwamba ngozi nyeusi huchorwa zaidi na mng'aro kuliko na kivuli, na hapo ndipo mkosoaji anapopaswa kutazama: je, mng'aro wa shavuni umelainika kwa mwanga mpana wa dirisha, au ni doa kali la taa ndogo? Je, jasho la joto letu lilifutwa kwa kitambaa kabla ya kupiga? Maswali hayo yana majibu. Kumng'arisha mtu kwenye kompyuta hadi ndugu zake wasimtambue hakujibu lolote.

Dhana: Tatizo ni lenzi

Kumwambia mtu anunue lenzi ndefu ya milimita 85 si kuikosoa picha yake. Pua ikionekana kubwa na masikio yakionekana kukimbilia nyuma, chanzo ni umbali: kamera iliyo sentimita 40 kutoka usoni iko karibu mno na pua kuliko ilivyo na masikio, na ukirudi hatua mbili au tatu tofauti hiyo hupungua sana, hata kwa simu. Lenzi ndefu husaidia kwa kuwa humfanya mpigaji arudi nyuma. Basi aambiwe arudi nyuma, halafu aipunguze picha kingo zake ili uso uijaze.

Dhana: Picha nzuri hujieleza, hakuna haja ya kuuliza lengo

Katika miaka ya 1990, wapiga picha waliokuwa karibu na kivuko cha Likoni waliwapiga wateja mbele ya mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Wengi wa wateja hao walikuwa wametoka bara kutafuta kazi, na picha zile walizituma nyumbani. Mtu akizitazama kwa kipimo cha uhalisia, atasema mandhari ya nyuma ni ya uongo na mkao ni wa kulazimisha, na kila neno lake litakuwa nje ya shabaha, kwa sababu mteja alilipia ndoto ya safari na heshima mbele ya jamaa zake. Picha ya pasipoti, picha ya mgombea wa kisiasa na picha ya bibi mzaa mama kibarazani hazipimwi kwa mizani moja. Kwa hiyo swali la kwanza la mkosoaji ni hili: ulitaka mtazamaji amwone nani hapa? Hata kanuni za kuweka macho kwenye theluthi ya juu ya fremu huja baada ya swali hilo.

Dhana: Anayekosolewa ajitetee, la sivyo akubali kila kitu

Kuambizana kuko, kusikizana hapana, na sababu mojawapo ni kwamba mpiga picha huanza kueleza mazingira kabla mwenzake hajamaliza: mvua ilikuwa inakuja, mtoto alikuwa analia. Mtazamaji haioni mvua hiyo. Afadhali mwenye picha aulize swali moja lililo wazi, kwa mfano ikiwa jicho la aliyepigwa picha lilianza kumvuta mtazamaji kabla ya ukuta wenye rangi, kisha anyamaze na kuandika. Awaulize watu mmoja mmoja, maana wakikaa pamoja wa pili humfuata wa kwanza. Jambo lililotajwa na watatu ambao hawakusikilizana lina uzito. Lililotajwa na mmoja analipima, na ana haki ya kuliacha.

Dhana: Picha ni yangu, nitamwonyesha nimtakaye ili anikosoe

Katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, taarifa yoyote inayomtambulisha mtu ni data yake binafsi, na sura ya mtu humtambulisha. Pwani kuna uzito mwingine juu ya huo wa sheria: usiku wa kupamba ni wa wanawake, na bibi harusi aliyekaa bila buibui alimkubalia mpiga picha wa kike aliye mbele yake, hakuwakubalia mafundi wa kiume wanaobishana juu ya mwanga. Anayetaka maoni juu ya picha za namna hiyo amwombe mwenyewe ruhusa kwanza, ampelekee fundi mwanamke, na akikataliwa ampige ndugu au rafiki aliyeridhia kuonyeshwa, kwa taa zilezile na kwa mpangilio uleule, kisha picha hiyo ndiyo ikosolewe.