Kiswahili nasoma, Kiingereza kinanishinda: maswali ya watu wazima kuhusu disleksia na ADHD

Nina miaka 35. Gazeti la Kiswahili nalimaliza, polepole. Barua ya Kiingereza herufi zinanichanganya, na sekondari nilifeli vibaya. Je, mimi ni mzito wa akili?

Hapana. Unayoeleza yanafanana na disleksia, hali ya kuzaliwa nayo ambapo ubongo hupata shida kuunganisha herufi na sauti zake. Mwenye akili nyingi huwa nayo, na mwenye akili za kawaida huwa nayo.

Kiswahili huificha. Kwetu “a” ni “a” popote ilipo. Ukishaishika ba-be-bi-bo-bu, neno lolote utaliunga. Kwa hiyo mwenye disleksia husoma Kiswahili sawasawa, ila kwa mwendo wa kinyonga, na mwalimu haoni kitu. Kiingereza hakiko hivyo: “ough” ya *though* siyo ya *tough*. Kizazi chako kilisoma shule za msingi za serikali Tanzania kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza. Wengi walianguka hapo wakaitwa wavivu. Inaniuma, kwa sababu walikuwa wakijitahidi kuliko wenzao.

Mwanangu naye anasuasua kusoma. Amerithi?

Inawezekana, disleksia hutembea katika ukoo. Usimchape. Afundishwe sauti za herufi taratibu, kwa kurudiarudia, na aanze mapema.

Mbona pia nasahau sana, naacha kazi nusu, situlii?

Huenda ni ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kukaza mawazo, ambayo mara nyingi huandamana na disleksia. Lakini ili iitwe ADHD, dalili lazima ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Kama usahaulifu umeanza mwaka jana tu, chunguza kwanza usingizi, msongo, sonona, upungufu wa damu au tezi ya shingo. Ukienda kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa, nenda na mzazi au dada aliyekujua utotoni, au ripoti zako za shule. Na kwenda huko si kutangaza wazimu.

Kuna dawa?

Ya disleksia hakuna, hata akikuuzia nani. Ya ADHD zipo, kama methilfenidati, nazo huwasaidia watu wengi. Huandikwa na daktari baada ya kupima presha na kuuliza habari za moyo wako. Usimeze za jirani.

Kazini nifanyeje?

Hapa ndipo pa kuweka nguvu. Simu nyingi sasa husoma maandishi kwa sauti na kuandika unachosema, hata kwa Kiswahili. Maagizo marefu omba utumiwe kwa sauti. Namba za simu zigawe tatu tatu, na unapotuma pesa soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha, maana tarakimu mbili zikibadilishana nafasi hela imeenda kwa mwingine. Kama ni ADHD, andika jambo moja tu la kuanza nalo asubuhi, funguo ziwe na msumari wake mmoja ukutani, na kazi ndefu ifanye karibu na mwenzako anayefanya yake.

Bosi naye umwambie, bila kuomba radhi: “Mkuu, nikisikia nashika haraka kuliko nikisoma. Nikipewa ripoti, naomba nipewe siku moja zaidi.”