Ukurasa wa mwongozo katika Unix na Linux: maana yake na namna ya kuusoma

Ukurasa wa mwongozo ni maelezo rasmi ya amri, faili au kazi fulani ya mfumo endeshi kama Unix au Linux, yanayohifadhiwa ndani ya kompyuta yenyewe na kufunguliwa kwa amri iitwayo man. Mtu akiandika "man cp" kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, maelezo ya amri ya kunakili faili humjia papo hapo, bila kuhitaji intaneti, nayo huwa ni maelezo ya toleo lile lile la programu lililomo katika mashine yake. Jambo hili la pili lina uzito kuliko linavyodhaniwa, kwa maana maelekezo mengi yanayopatikana mtandaoni yaliandikwa kwa ajili ya matoleo mengine, na chaguo, yaani nyongeza inayobadili namna amri inavyofanya kazi, lililokubalika katika Linux huenda lisikubalike katika mifumo mingine ya jamii ya Unix kama FreeBSD au macOS, ingawa jina la amri ni moja.

Mwongozo wa kwanza wa Unix, ulioandaliwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani, una tarehe ya 3 Novemba 1971. Vichwa vilivyogawa kurasa zake, kama vile NAME, SYNOPSIS, DESCRIPTION, FILES, SEE ALSO na BUGS, bado vinatumika. Ninakiheshimu hasa kichwa cha BUGS, ambacho chini yake mwandishi wa programu hutaja kasoro anazozijua katika kazi yake mwenyewe. Msomaji mwenye haraka hukiruka, ilhali mara nyingi ndipo lilipo jibu la tatizo lililomleta.

Kinachowatatiza wengi si lugha ya kurasa hizi bali mpangilio wake. Mwongozo umegawanywa katika sehemu zenye namba: ya 1 ni ya amri za mtumiaji, ya 2 ni ya miito inayopelekwa kwenye kiini cha mfumo, ya 3 ni ya maktaba za waandishi wa programu, ya 4 ni ya vifaa, ya 5 ni ya muundo wa faili, ya 6 ni ya michezo, ya 7 ni ya mambo mchanganyiko, na ya 8 ni ya amri za msimamizi wa mfumo. Kwa hiyo mtu anapokuta pameandikwa passwd(5), namba iliyo katika mabano inamwambia ni sehemu ipi ya mwongozo inayokusudiwa. Jina passwd lina kurasa zaidi ya moja: katika sehemu ya 1 ni amri ya kubadili nywila, na katika sehemu ya 5 ni maelezo ya faili ya /etc/passwd, mstari kwa mstari na safu kwa safu. Anayeandika "man passwd" bila namba hufunguliwa ukurasa wa kwanza unaopatikana, ambao kwa kawaida ni ule wa amri, na asipojua kwamba kuna mwingine ataondoka akiamini kwamba mwongozo haumsaidii. Alipaswa kuandika "man 5 passwd". Hali ni hiyo hiyo kwa crontab, ambayo sehemu ya 1 hueleza amri na sehemu ya 5 hueleza jinsi ya kuandika ratiba yenyewe.

Ndani ya ukurasa, sehemu inayostahili kusomwa polepole ni SYNOPSIS, yaani muhtasari wa namna amri inavyoandikwa. Katika Linux, mojawapo ya mistari ya cp husomeka hivi: cp [OPTION]... SOURCE... DIRECTORY. Kilichomo katika mabano ya mraba si cha lazima. Nukta tatu humaanisha kwamba kilichotangulia kinaweza kurudiwa. Na maneno ya herufi kubwa hushikilia nafasi za majina atakayoyaweka mtumiaji. Basi mstari huo unasema kwamba unaweza kutaja machaguo kadhaa au usitaje hata moja, kisha utaje faili moja au zaidi, na mwisho saraka (folda) moja ya kuzipokea. Anayeelewa alama hizi chache hupata katika mstari mmoja kile ambacho aya nzima ingemweleza.

Ukurasa hufunguliwa kwa programu ya kusomea, ambayo mara nyingi ni less. Ukibonyeza alama ya / na kuandika neno, kisha Enter, utapelekwa kwenye neno hilo; herufi n hukupeleka linapotokea tena, na q hufunga ukurasa. Kwa ukurasa mrefu kama wa bash, programu inayopokea na kutekeleza amri unazoandika, kusoma tangu juu hadi chini si njia ya busara. Binafsi hutafuta kwanza kichwa cha EXAMPLES, kama kipo, ndipo nirudi kwenye maelezo.

Asiyejua jina la amri hutumia "man -k" pamoja na neno, au apropos, ambayo hufanya kazi ile ile ya kupekua majina na maelezo mafupi ya kurasa. Hapa msomaji wa Kiswahili ana kazi mbili, kwa sababu kurasa nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha wajenzi wa mfumo: anayetafuta saraka kwa neno folder huweza kukosa mengi, kwa kuwa waandishi hao husema directory. Matokeo yakiwa matupu kabisa kwa kila neno, huenda faharasa haijatengenezwa, na katika Linux nyingi msimamizi huitengeneza kwa amri ya mandb.

Si kila kitu kimo humo. Amri kama cd ni sehemu ya bash yenyewe, na maelezo yake hupatikana kwa kuandika "help cd". Programu za GNU, mradi wa programu huria uliotoa amri nyingi za Linux, nazo huweka maelezo marefu zaidi katika mfumo mwingine uitwao info, na mwishoni mwa kurasa zake nyingi za man, chini ya SEE ALSO, huandikwa amri kamili ya kuyafungua.