Uvimbe juu ya figo: mkojo kwanza, sindano baadaye

Shwanoma ya tezi ya adrenali ni nini?
Ni uvimbe usio wa saratani, unaotokana na chembe zinazoufunika mshipa wa fahamu. Tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo yake. Shwanoma ya hapo ni nadra, hukua polepole, kwa kawaida haitoi homoni na mara nyingi haiumi. Wengi huikuta kwenye CT waliyopigwa kwa sababu nyingine kabisa.

Kama si saratani na siumwi, haraka ya nini?
Bado hujui kama ni shwanoma. Juu ya figo huota pia feokromositoma, uvimbe unaomwaga adrenalini na homoni za jamii yake, na kwenye picha hizi mbili hufanana. Feokromositoma ikiguswa bila maandalizi, presha hupaa ghafla na mgonjwa anaweza kufia mezani. Ripoti inayokaa kabatini miezi sita "kwa sababu siumwi" haijajibu swali hilo.

Picha haitoshi?
Haitoshi. Kwenye CT isiyo na dawa ya mshipani, uvimbe wa rangi moja wenye Hounsfield (kipimo cha uzito wa kitu kwenye CT) 10 au chini huwa ni adenoma yenye mafuta, yaani uvimbe usio wa saratani wa tezi yenyewe, na hapo wasiwasi unapungua sana. Shwanoma kwa kawaida huzidi 10, ukingo wake ni laini, ndani huweza kuwa na vifuko vya maji, na kwenye MRI, katika aina ya picha iitwayo T2, hung'aa. Feokromositoma nayo huweza kufanya hayo yote.

Basi si mnichome sindano mtoe kinyama?
Hapana. Sindano haiingii kabla ya kupima metanefrini, hata kama presha yako ni nzuri, hata kama umeshalipia. Metanefrini ni mabaki ya adrenalini na homoni za jamii yake, na hupimwa kwenye damu au mkojo wa saa 24.

Mkojo huo unakusanywaje?
Hapa ndipo watu wanapoharibu. Ukiamka, tuseme saa 1 asubuhi, kojoa chooni na uandike saa. Huo haumo. Kuanzia hapo mkojo wote unaingia kwenye galoni la maabara, hata ule wa usiku wa manane na ule wa wakati wa haja kubwa, mpaka saa 1 kesho yake. Wa kuamkia siku hiyo umo. Kojoa kwenye kikombe ndipo umimine, kwa maana galoni huweza kuwa na tindikali ya kuhifadhi. Usiimwage ukidhani ni uchafu! Ukikosa mara moja, sema na uanze upya. Mkojo pungufu huonyesha metanefrini chache kuliko zilizopo, na hapo ndipo feokromositoma hupita bila kuonekana.

Kwa damu, lala chali dakika 20 hadi 30 kabla ya kutolewa. Taja dawa zako zote: amitriptilini na dawa za mafua zenye psudoefedrini huweza kupandisha majibu. Usiziache mwenyewe bila kumuuliza daktari.

Kuna vipimo vingine?
Kipimo cha kotisoli, homoni nyingine ya tezi hizi: unameza deksamethasoni miligramu 1 saa 5 usiku, damu inatolewa saa 2 asubuhi. Mwenye presha ya juu, au mwenye potasiamu ya chini, huongezewa vipimo vya homoni za aldosteroni na renini.

Metanefrini ni za kawaida. Sasa sindano?
Mara nyingi bado hapana. Kinyama cha sindano ni kidogo na huweza kuacha jibu nusunusu. Hutumika hasa kwa mwenye saratani mahali pengine, pale jibu litakapobadilisha tiba. Uvimbe uliozidi sentimita 4, au unaotia shaka, kwa kawaida hutolewa mzima, mara nyingi kwa matundu madogo. Jina la shwanoma huthibitishwa na mtaalamu wa patholojia kwa hadubini na rangi ya S100, inayoonyesha chembe za aina hiyo.

Moyo unaenda mbio. Nimeze propranololi aliyonipa jirani?
Usimeze. Kama ni feokromositoma, dawa hiyo ya kupunguza mapigo ya moyo ikitangulia kabla ya dawa ya kulegeza mishipa kama doksazosini, presha huweza kupanda zaidi. Doksazosini huanza siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, na daktari ndiye anayeamua propranololi iingie lini. Moyo ukienda mbio pamoja na kichwa kupasuka na jasho, nenda hospitali siku hiyo hiyo na ripoti ya CT mkononi.