Nyayo Zisizotekenyeka: Uzee au Neva?

Nikipitisha pamba chini ya unyayo wa mgonjwa aliyevuka miaka 60 na asishtuke, mara nyingi aliyemsindikiza huniambia kwa utulivu, “Ni uzee tu, daktari, zamani ukimtekenya anaruka.” Hakuna dhana inayonisumbua kuliko hii, kwa sababu imechukua ukweli nusu.

Ni kweli kwamba vipokezi vya mguso mwepesi vilivyomo ngozini, hasa vile viitwavyo vya Meissner, hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwamba mtu mzima hana tena wa kucheza naye michezo ya kutekenyana. Kwa hiyo kicheko kikififia polepole mwili mzima, mbavuni na kwapani pia, hilo si la kutisha. Lakini kutocheka ni jambo moja, na kutohisi ni jingine kabisa. Asiyeihisi pamba hata kidogo, au anayepata ganzi na vichomi miguuni usiku, huenda neva zake, yaani mishipa ya fahamu, zimeharibiwa na kisukari, pombe au upungufu wa vitamini B12, na kila mwezi anaosingizia uzee ni mwezi wa matibabu uliopotea. Mgonjwa mmoja alivua kiatu mbele yangu, kokoto ikadondoka. Alikuwa ametembea nayo tangu asubuhi, soksi imelowa damu, wala hakuwa na habari. Ndiyo maana nasisitiza bila kuchoka: ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, kagua nyayo kila usiku, na kama una kisukari, pimwa hisia za miguu kwa uzi wa nailoni unaopinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10, angalau mara moja kwa mwaka, hata kama huumwi.

Wapo pia wanaoamini kwamba mtoto anayecheka akitekenywa lazima anafurahia. Kicheko hicho huja chenyewe hata kwa anayetaka kuachwa. Akisema basi, acha papo hapo.

Wengine huniambia wamejipima nyumbani kwa kujikuna unyayo. Kipimo hicho hakifai, kwa kuwa serebela, sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni, hutabiri mguso wa mkono wako mwenyewe na kuufifisha kabla hujauhisi vizuri. Fumba macho, mwenzako akuguse vidole vya miguu kwa wepesi, kimoja kimoja bila mpangilio, nawe utaje kila anachogusa. Ukikosa viwili au zaidi, njoo kliniki.