Ramani Haitoki Jasho

Karibu kila anayetaka nimsaidie kupanga safari ya baiskeli katika nchi asiyoijua huanza na swali lilelile: kwa siku niweke kilomita ngapi? Nami humuuliza kwanza njia yake inapanda mita ngapi. Safari yangu ya kwanza ugenini niliipanga kwa rula juu ya ramani, kilomita 110 kila siku, kama nilivyozoea kuendesha bila mzigo. Siku ya pili nilifika giza limeshaingia, taa imeisha chaji, miguu inatetemeka hata ngazi tatu za mlangoni zikanishinda.

Siku hizi kila mita 100 za kupanda nazihesabu kama kilomita 2 za ziada. Kwa hiyo siku ya kilomita 70 yenye mita 1,000 za milima, kwangu ni kilomita 90. Changarawe nayo hula muda. Lakini adui mkubwa ni upepo wa mbele, maana mlima ukiumaliza utateremka, upepo hauna upande wa pili. Chunguza katika mwezi wako wa safari upepo huvuma kutoka wapi, ndipo uamue uanzie mwisho upi wa njia. Na ukishapita mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, kila usiku usilale juu zaidi ya mita 500 kuliko ulipolala jana.

Kisha vipuri. Soma namba ndogo ubavuni mwa tairi, kwa mfano 42-622: upana, halafu kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, vyote kwa milimita. Inchi zisikudanganye, matairi mawili yote yameandikwa 28, moja ni 622 na jingine 635, na hayabadilishani. Valvu pia. Tundu la Presta, valvu ile nyembamba, kwenye ringi ni milimita 6, la Schrader, ile nene kama ya gari, ni 8. Tyubu ya Presta utaikaza kwenye tundu pana kwa kipete kidogo. Ya Schrader kwenye tundu jembamba haipiti. Beba pia akiba ya kile kipande cha chuma kinachoshika gia ya nyuma kwenye fremu. Hupinda kirahisi baiskeli ikiangushwa na wapakizi, na maumbo yake ni mengi mno kutegemea utakipata dukani.

Ukiipakia baiskeli kwenda na ndege utafungua pedali, na ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kufuata mishale ya saa, kinyume cha mazoea. Wenye baiskeli za umeme wajue kuwa betri ya zaidi ya saa-wati 160 (kipimo cha nishati yake, huandikwa Wh) haipandi ndege ya abiria, na nyingi za baiskeli hizo zinazidi hapo. Ukikodi baiskeli ugenini, jaribu breki ukiwa umesimama: Uingereza breki ya mbele huwa mkono wa kulia, Marekani kushoto.

Kuhusu upande wa kuendesha, saa ya kwanza si ya hatari sana kwa kuwa uko macho. Hatari ni siku ya nne, alfajiri, barabara tupu, unatoka kambini na kushika upande wa kwenu bila kujijua. Mimi hufunga utepe mwekundu kwenye usukani, upande ambao ukingo wa barabara unapaswa kuwa.